Vipimo Vinasema Uko Sawa, Mwili Unakataa: Kwa Nini Madaktari Hutofautiana Kuhusu Thairoidi

Mtu mwenye tatizo la thairoidi akikusimulia matibabu yake, mara nyingi simulizi ina madaktari watatu. Wa kwanza alimwambia tezi yake imelegea, akamwandikia vidonge. Wa pili aliangalia karatasi ileile ya maabara akasema hakuna haja ya dawa. Wa tatu hata hakuitazama sana hiyo karatasi, akasema hayo ni mawazo na kukosa usingizi. Mgonjwa anarudi nyumbani na uchovu uleule, na sasa ana wasiwasi juu yake: nani kati yao anasema kweli?

Inawezekana kabisa kwamba wote watatu hawajadanganya, kwa sababu kila mmoja amejibu swali lake. Wa kwanza alijiuliza kama tezi inashindwa kazi. Wa pili alijiuliza kama kidonge kitamsaidia mgonjwa huyu. Wa tatu alijiuliza kama uchovu huu unatoka kwenye tezi au unatoka kwingine. Maswali haya matatu hukaa karibu sana, na ndiyo maana tunayachanganya, lakini jibu la moja halilazimishi jibu la jingine. Mtu anaweza kuwa na tezi inayochoka, asihitaji dawa bado, na uchovu wake ukawa unatokana na upungufu wa damu. Ukiyatenganisha maswali hayo, sehemu kubwa ya mvurugano hupungua.

Tezi yenyewe

Thairoidi ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Kwa mtu mzima huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kuchukua madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye damu na kuyatumia kutengeneza homoni mbili: thairoksini, inayoitwa kwa kifupi T4, na nyingine iitwayo T3. Hizo namba ni idadi ya atomu za iodini zilizomo ndani ya homoni. Tezi hutoa T4 kwa wingi na T3 kidogo. Lakini T3 ndiyo yenye nguvu kwenye seli, na sehemu yake kubwa hutengenezwa nje ya tezi, kwenye ini, figo, misuli na viungo vingine, kwa kuiondolea T4 atomu moja ya iodini. Likumbuke hilo, kwa kuwa mbele kidogo ndipo ulipo ugomvi mmoja mkubwa.

Homoni hizi ndizo zinazopanga kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto la mwili, mwendo wa chakula tumboni, ukuaji wa nywele na ngozi, mzunguko wa hedhi, hata wepesi wa kufikiri. Zikipungua, kila kitu hupunguza mwendo. Hali hiyo ndiyo haipothairoidi. Mtu husikia baridi wenzake wakiwa wametulia, choo huwa kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, sauti huwa nzito, hedhi huwa nyingi, misuli huuma, uso huvimba asubuhi, na kichwa huwa kizito kana kwamba kila wazo linachelewa kufika. Wengine hupungukiwa na nyusi upande wa nje. Mafuta ya lehemu kwenye damu hupanda pia, na wapo wanaogundulika kwa njia hiyo, walipokwenda kupima moyo.

Hakuna hata dalili moja kati ya hizo iliyo ya thairoidi peke yake. Zote zinaweza kuletwa na jambo jingine, na hapo ndipo maoni huanza kutofautiana.

Kuna maneno mawili yanayochanganywa sana. Haipothairoidi ni homoni kupungua, na haipathairoidi ni homoni kuzidi, ambapo mtu hukonda, hutetemeka, hutoka jasho na moyo humwenda mbio. Goita, au rovu, ni uvimbe wa tezi tu. Mtu anaweza kuwa na goita na homoni zake zikawa sawa kabisa, na anaweza kuwa na haipothairoidi kali bila uvimbe wowote shingoni.

Duniani, pale ambapo chumvi na chakula havina madini joto ya kutosha, upungufu huo ndio chanzo kikubwa cha haipothairoidi. Pale ambapo madini hayo yanatosha, chanzo kikuu ni kingamwili za mtu mwenyewe kuishambulia tezi yake. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Hashimoto, kwa jina la daktari Hakaru Hashimoto wa Japani aliyeueleza mwaka 1912. Wengine hupata tatizo baada ya tezi kuondolewa kwa upasuaji au kutibiwa kwa iodini yenye mionzi, na wengine kwa sababu ya dawa kama lithiamu, au amiodaroni inayotolewa kwa wenye matatizo ya moyo. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, mara kadhaa zaidi.

Kipimo kinachoitwa TSH

Karibu kila mabishano kuhusu thairoidi huanza na herufi tatu: TSH. Wengi hudhani hii ni homoni ya thairoidi, ndiyo maana wakiona TSH iko juu huogopa kwamba homoni zimezidi. Ni kinyume chake. TSH hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi ifanye kazi.

Fikiria mtu anayemwita mwenzake aliye mbali. Akiitikiwa upesi, huita kwa sauti ya kawaida. Asipoitikiwa, hupaza sauti, na akizidi kunyamaziwa hupiga ukelele. TSH ndiyo hiyo sauti. Thairoidi ikilegea, TSH hupanda. Homoni zikizidi, TSH hushuka hata kukaribia sifuri. Na masikio ya pituitari ni makali mno: T4 ikipungua kidogo tu, TSH hupanda mara nyingi zaidi ya upungufu wenyewe. Kwa hiyo TSH inaweza kuwa juu wakati T4 bado iko ndani ya mipaka. Sauti imepazwa, lakini kazi bado inafanyika.

Hali hiyo, TSH juu na T4 huru (yaani T4 isiyoshikamana na protini za damu) ikiwa ya kawaida, huitwa haipothairoidi fiche. TSH ikiwa juu na T4 ikiwa chini ya mipaka, huo ni ugonjwa wa wazi, na hapo madaktari hawabishani sana: mgonjwa anahitaji dawa. Mabishano karibu yote yamejaa kwenye ile hali fiche, hasa TSH ikiwa kati ya mpaka wa juu wa maabara na 10.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo anayeita ndiye mgonjwa. Pituitari ikiharibika, kwa uvimbe, kwa upasuaji, au kwa kutokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, haiwezi kupaza sauti. TSH itaonekana ya kawaida au ya chini huku T4 ikiwa imeshuka. Ni hali adimu, lakini mtu aliyepimwa TSH peke yake anaweza kuambiwa yuko sawa wakati hayuko. Mwenye historia ya namna hiyo, au mwenye maumivu ya kichwa pamoja na kuona vibaya pembeni, au aliyekoma kupata hedhi bila sababu, anastahili kupimwa T4 huru pia, bila ubishi.

Karatasi moja, madaktari watatu

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 42 ameshika majibu yake. Mstari wa kwanza: TSH 6.8, pembeni pamekolezwa herufi H, na kwenye mabano pameandikwa 0.4–4.5. Mstari wa pili: T4 huru 14, mabano 10–22, hakuna alama yoyote. Amechoka tangu asubuhi, nywele zinabaki kwenye kitana, na usiku miguu inakuwa baridi.

Kwanza tuiangalie hiyo mipaka, kwa kuwa watu huisoma kama mpaka wa nchi: huku mzima, kule mgonjwa. Maabara hupata mipaka hiyo kwa kupima watu wengi wasio na ugonjwa unaojulikana, kisha kuacha nje asilimia 2.5 ya waliopata namba za chini kabisa na asilimia 2.5 ya waliopata namba za juu kabisa. Maana yake ni kwamba katika kila watu mia moja wenye afya, watano hivi wataangukia nje ya mabano na wala hawaumwi. Kwa upande mwingine, kila mmoja wetu ana kiwango chake, na TSH ya mtu mmoja huyumba ndani ya ukanda mwembamba kuliko mabano ya maabara. Mtu ambaye siku zote alikuwa na TSH ya 1, akifika 4.2, karatasi haitakoleza herufi yoyote, ilhali kwake ni badiliko kubwa. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "mimi sijisikii sawa ingawa karatasi inasema niko sawa" hasemi jambo la ajabu. Shida ni kwamba wachache sana walipimwa wakiwa wazima, hivyo hakuna cha kulinganisha nacho.

Tena TSH hubadilika ndani ya siku. Hupanda usiku, huwa bado juu alfajiri, na hushuka mchana. Damu iliyochukuliwa saa mbili asubuhi na iliyochukuliwa alasiri zinaweza kutoa namba mbili zinazotosha kumvusha mtu mpaka. Hupanda pia mtu anapopona ugonjwa mkali. Na kwa wazee, kiwango cha kawaida huwa juu zaidi kuliko kwa vijana. Ndiyo maana TSH iliyopanda kidogo haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Inapaswa kupimwa tena baada ya miezi miwili au mitatu, ikiwezekana maabara ileile na saa zilezile. Wengi, wakirudia, hukuta imeshuka yenyewe.

Sasa daktari wa kwanza. Yeye anaagiza kipimo cha kingamwili za TPO, yaani zile zinazoishambulia thairoidi, na majibu yanaonyesha zipo. Kwake hilo ni jambo zito, na ana sababu. Huko Whickham, Uingereza, watu wazima waliochunguzwa miaka ya 1970 walifuatiliwa kwa miaka 20. Wanawake waliokuwa na TSH ya juu pamoja na kingamwili waliingia kwenye ugonjwa wa wazi kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 4 kila mwaka. Wenye moja tu kati ya hayo mawili, kiwango kilikuwa karibu nusu yake. Daktari huyu anaona tezi inayoelekea kuzima na anataka kuwahi.

Daktari wa pili anaangalia manufaa ya kidonge. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao TRUST, uliohusisha watu 737 wenye miaka 65 au zaidi na hali fiche ya aina hii. Nusu walipewa levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka, TSH za waliopewa dawa zilikuwa zimeshuka vizuri, lakini uchovu na dalili zao havikutofautiana na vya wenzao. Daktari anauliza: kama namba inapendeza na mgonjwa yuko palepale, tumemsaidia nini? Swali zuri. Ila mama yetu ana miaka 42, na utafiti ule haukuhusu watu wa rika lake.

Tofauti hii haipo kwa madaktari binafsi tu. Mwaka 2019 jopo la kimataifa lilichapisha mwongozo katika jarida la BMJ likishauri watu wazima wengi wenye hali fiche wasipewe homoni, isipokuwa wajawazito au wanaotafuta mimba, wenye TSH zaidi ya 20, wenye dalili kali, na vijana. Mwaka huohuo NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilisema dawa ifikiriwe TSH inapofika 10 au zaidi, na kwamba mtu chini ya miaka 65 mwenye dalili, na TSH iliyokutwa juu ya mpaka katika vipimo viwili vilivyopishana miezi mitatu, anaweza kujaribishiwa dawa kwa miezi sita kisha aangaliwe kama imemfaa. Wataalamu walikuwa na ushahidi uleule mezani na wakaupima kwa mizani tofauti. Mgonjwa anayepata majibu mawili kutoka kliniki mbili anaonja mgawanyiko uliomo kwenye vitabu vyenyewe.

Daktari wa tatu naye ana hoja. TSH ya 6.8 yenye T4 ya kawaida, mara nyingi haitoshi kuelezea uchovu wa kumlaza mtu kitandani. Mwenye hedhi nyingi anaweza kuwa ameishiwa na madini chuma. Vitamini B12 inaweza kuwa chini, hasa kwa wenye Hashimoto, kwa kuwa kingamwili zinazoshambulia thairoidi wakati mwingine huambatana na nyingine zinazoharibu uwezo wa tumbo kufyonza B12. Kuna kukatika pumzi usingizini, sonona, kisukari, na kukaribia ukomo wa hedhi. Kwa hilo namuunga mkono. Lakini akiishia kusema "ni mawazo tu" bila kupima hata kimoja kati ya hivyo, amemkosea mgonjwa. Kusema chanzo si thairoidi ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kukitafuta kilipo.

Unameza dawa, TSH imekaa vizuri, na bado hujisikii sawa

Hapa ndipo penye maumivu zaidi, na nataka tupakae kwa muda.

Levothairoksini ni T4 iliyotengenezwa kiwandani, sawasawa na ile ya tezi. Hukaa mwilini muda mrefu: baada ya siku saba hivi, nusu ya dozi bado ipo. Kwa sababu hiyo, dozi ikibadilishwa, mwili huchukua wiki sita hadi nane kutulia, na kupima kabla ya hapo ni kupima kitu ambacho bado kinasogea. Wagonjwa wengi huongezewa na kupunguziwa dozi kila baada ya wiki mbili tatu, wakaishia kuambiwa thairoidi yao "haieleweki". Tezi ya watu haina kosa hapo.

Kisha kuna namna ya kumeza. Kidonge hiki hakipendi kuchangamana na vitu. Kinatakiwa kimezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula na kahawa, au usiku, baada ya kupita angalau muda wa saa tatu tangu mlo wa mwisho. Vidonge vya madini chuma na vya kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa nne. Omeprazoli na dawa nyingine za kupunguza asidi tumboni hupunguza ufyonzwaji wake. Picha ya kawaida ni hii: mtu anaamka, anakusanya vidonge vyote vya asubuhi kwenye kiganja, levothairoksini, chuma, kalsiamu, anavitupia mdomoni pamoja na kikombe cha kahawa ya maziwa. Amemeza dawa kila siku kwa uaminifu, na sehemu ya dawa hiyo haikuingia kwenye damu. Daktari akiona TSH imepanda huongeza dozi, kumbe kilichohitajika kilikuwa ni kubadilisha saa.

Majibu yenyewe pia yanaweza kupotosha. Ukimeza kidonge saa moja kabla ya kutolewa damu, T4 huru itaonekana juu kuliko ilivyo, kwa hiyo siku ya kipimo toa damu kwanza ndipo umeze. Ukiacha dawa wiki kadhaa kisha ukaikumbuka siku chache kabla ya kliniki, T4 itakuwa imeshapanda lakini TSH bado iko juu, na daktari ataona fumbo ambalo wewe ndiye mwenye ufunguo wake. Mwambie tu. Na wanaotumia vidonge vya nywele na kucha wajue kwamba biotini iliyomo huvuruga mashine za baadhi ya maabara: TSH hutoka chini kwa uongo na T4 juu kwa uongo, mgonjwa akaonekana amezidishiwa dawa. Kuiacha angalau siku mbili kabla ya kipimo kwa kawaida hutosha, ingawa wanaotumia dozi kubwa sana huhitaji muda zaidi.

Yote hayo yakishaangaliwa, na chuma, B12, usingizi na sonona vikishapimwa, wanabaki watu ambao TSH yao ni nzuri na bado wana dalili. Inakadiriwa ni asilimia 5 hadi 10 ya wanaotumia levothairoksini. Kwa maoni yangu wamepuuzwa kwa muda mrefu mno.

Kuelewa kwa nini madaktari hugawanyika hapa, turudi nyuma. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle alimtibu mwanamke aliyekuwa na hali mbaya ya haipothairoidi kwa kumchoma sindano ya majimaji yaliyokamuliwa kutoka thairoidi ya kondoo. Mama yule aliishi miaka mingine 28. Kwa miongo mingi dawa ikawa ni tezi ya mnyama iliyokaushwa, yenye T4 na T3 ndani yake, na dozi ilipangwa kwa kumtazama mgonjwa na kumuuliza anajisikiaje. Mwaka 1970 ikaonyeshwa kwamba mwili wa binadamu hugeuza T4 kuwa T3 wenyewe. Hoja ikawa nyepesi: mpe T4 peke yake, mwili utajitengenezea iliyobaki. Vipimo vya TSH vilipoenea, ikaonekana pia kwamba wengi walikuwa wakizidishiwa dozi, jambo linaloweza kuleta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na mifupa kudhoofika. Dozi zikapunguzwa. Tangu hapo kuna madaktari wanaoamini TSH ikikaa sawa kazi imekwisha, na kuna wanaosema kwamba si kila mwili hugeuza T4 kuwa T3 kwa ufanisi uleule.

Majaribio yaliyolinganisha T4 peke yake na T4 pamoja na T3 hayajaonyesha kwamba mchanganyiko ni bora kwa wagonjwa kwa ujumla. Hata hivyo, katika baadhi yake wagonjwa wengi walisema wanaupendelea. Chama cha Ulaya cha wataalamu wa thairoidi kiliruhusu mwaka 2012 kwamba mchanganyiko ujaribiwe kwa muda, chini ya bingwa, kwa mgonjwa anayeendelea kuteseka baada ya sababu nyingine kuondolewa. T3 hupanda na kushuka haraka kwenye damu, kwa hiyo wajawazito na wenye matatizo ya moyo hawafai kwa jaribio hilo. Daktari anayekataa kuitoa ana sababu. Anayekubali kuijaribu kwa uangalifu, kwa muda uliopangwa na kwa vipimo, naye ana sababu.

Maneno yanayozagaa

"Ukianza vidonge umeshazoesha mwili, huwezi kuacha." Vidonge havileti uraibu. Tezi iliyoharibiwa na Hashimoto kwa kawaida hairudi, na kidonge kinajaza pengo lililokuwepo kabla yake. Lakini kuna aina zinazopita. Baada ya kujifungua, ndani ya mwaka mmoja, baadhi ya kina mama hupata uvimbe wa tezi unaowazidishia homoni kwanza, kisha kuzipunguza, na wengi wao hupona ndani ya mwaka au mwaka na nusu. Ndiyo maana mmoja huambiwa dawa ni ya maisha na jirani yake akaambiwa ataacha. Wana magonjwa mawili tofauti yenye jina moja.

"Kula madini joto kwa wingi utapona." Yanamfaa aliyepungukiwa. Kwa mwenye Hashimoto, madini joto yaliyozidi yanaweza kuizidisha hali yake. Chumvi ya kawaida yenye madini hayo haina neno. Vidonge vyenye dozi kubwa ndivyo vya kuepuka.

"Kabichi inaua thairoidi." Iliyopikwa, kwa kiasi cha mlo wa kawaida, haina tatizo kwa mtu anayepata madini joto ya kutosha.

"Uzito wangu wote ni thairoidi." Haipothairoidi huongeza uzito, lakini kwa kawaida ni kilo chache, na sehemu kubwa huwa ni maji na chumvi. Kumwahidi mtu kwamba atakonda kilo 20 kwa kidonge hiki ni kumdanganya, na kukimeza bila ugonjwa kwa ajili ya kukonda ni kuhatarisha moyo.

Ukienda kwa daktari mwingine

Beba majibu yote, si ya mwisho tu, yakiwa na tarehe na mabano ya maabara, maana maabara hutofautiana hata vipimo vya kuandikia T4. Andika dawa zote unazotumia na saa unazozimeza, vikiwemo virutubisho. Kisha uliza moja kwa moja: je, unaniambia tezi yangu ni nzima, au unaniambia haijafikia kuhitaji dawa, au unaniambia dalili zangu zinatoka kwingine? Daktari akikujibu hilo, utajua kama anapingana na mwenzake au anazungumzia jambo jingine. Akipendekeza jaribio la dawa, kubalianeni tangu mwanzo mtaangalia nini na lini, na kwamba ikikosa kusaidia itaachwa. Akisema tusubiri, uliza lini mtapima tena na dalili zipi zikurudishe mapema.

Mambo ambayo hayasubiri mjadala

Mwanamke anayetumia levothairoksini akijua ana mimba, dozi yake kwa kawaida inahitaji kuongezwa mara moja, kwa robo hivi au zaidi, kwa kuwa miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za mama. Awasiliane na kliniki wiki hiyohiyo, na asiache dawa kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Hatari iko kwenye kuacha. Anayepanga kubeba mimba apime kabla.

Mtoto mchanga anayezaliwa bila thairoidi inayofanya kazi anaweza kuonekana mzima kabisa. Tone la damu ya kisigino siku za mwanzo humgundua, na akianza dawa ndani ya wiki mbili hivi akili yake hukua vizuri. Akichelewa, madhara hayafutiki.

Na mgonjwa, mara nyingi mzee aliyeacha dawa au aliyepatwa na maambukizi, akianza kusinzia kupita kiasi, kuchanganyikiwa, mwili kuwa wa baridi na kupumua polepole, huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Hali hiyo huua. Damu huchukuliwa kwa ajili ya vipimo, kisha homoni huanza kutolewa kwa mshipa bila kungoja majibu yarudi.